Alimtibu Nani? Kiapo cha Utiifu kwa Watumishi wa Hospitali Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe

Siku nane tu. Mwaka 1939 nchini Hispania, majeshi ya Jenerali Franco, kiongozi wa waasi walioipinga Serikali ya Jamhuri, yakishaingia mjini kwako, nawe ni mtumishi wa umma, ulikuwa na siku nane za kuwasilisha maelezo yako chini ya kiapo. Sheria ya tarehe 10 Februari mwaka huo ndiyo iliyopanga hivyo, na maswali yake yalikuwa ya kupekua. Tarehe 18 Julai 1936, uasi wa kijeshi ulipopamba moto, ulikuwa na kazi gani na wapi? Ulijiunga na upande wa Franco, na kama ulijiunga, lini? Uliitumikiaje Serikali ya Jamhuri? Ulikuwa chama gani cha siasa, chama gani cha wafanyakazi? Uliwahi kuwa Freemason? Nani atakushuhudia?

Karani wa forodha na daktari wa hospitali ya umma walikabiliwa na maswali yaleyale. Karani angeweza kujibu kwamba alikuwa akigonga mihuri. Daktari je? Karibu miaka mitatu alikuwa akishona matumbo ya askari wa Jamhuri, kwa kuwa hao ndio walioletwa kwenye machela. Akiandika ukweli, amekiri kuwasaidia walioshindwa. Asipoandika, amesema uongo chini ya kiapo, na waliokuwa naye zamu moja bado wapo, wanajua.

Karatasi za namna hii zimepita Marekani, Hispania, Ireland, na kwa sura nyingine Ugiriki. Kila mara mjadala huwa uleule: upande mmoja unasema serikali ina haki ya kujua inamlipa nani mshahara, upande mwingine unasema siasa isiingie wodini. Wote wana hoja. Wanashindwa kuelewana kwa sababu mara nyingi hawazungumzii kitu kimoja.

Kiapo kipi hasa?

Ukisikia nchi imetoka vitani na watumishi wa hospitali wanaapishwa, uliza kwanza wanaapa nini. Ipo ahadi: kuanzia leo nitaitii katiba, sitatumia nafasi yangu kuipindua serikali. Upo pia ushahidi juu ya yaliyopita, ule ambao mahakamani tungeuita hati ya kiapo: sikuwahi kubeba silaha, sikuwahi kuwachangia waasi, sikuwahi kuwatakia ushindi. Ahadi inatazama mbele, ushahidi unatazama nyuma, na fomu nyingi huvifunga vyote viwili kwa saini moja. Halafu kuna cheti, ambacho wewe mwenyewe huapi chochote. Polisi ndio wanaokuandikia kwamba u mtu safi. Na kuna mchujo, yaani kamati inayokaa na faili lako na kuamua ubaki, uhamishwe au uondoke.

Zamani neno kiapo lilikuwa pia na maana ya jaribio la kupimia hatia: mtuhumiwa anyweshwe dawa au ashikishwe chuma cha moto, mwili wake ndio utoe hukumu. Maana hiyo imefifia siku hizi, lakini naona ndiyo inayokaribia zaidi kinachofanyika kwenye fomu ya kutazama nyuma. Hakuna shahidi anayeitwa, hakuna hakimu. Anayekataa kutia saini amejihukumu mwenyewe kwa mkono wake.

Kiapo cha kutazama mbele ni kipole zaidi, na mfano wake mzuri ni Ireland. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Juni 1922 na kusimama Mei 1923, kati ya waliokubali mkataba wa Desemba 1921 na Uingereza na waliouona kuwa usaliti. Waliokubali walishinda, na dola changa ikaitwa Dola Huru ya Ireland. Mwaka 1925 bunge lake likapitisha Sheria ya Serikali za Mitaa, na ndani yake mlikuwa na sharti kwamba anayeajiriwa na mamlaka ya mtaa atoe tamko la kuwa mwaminifu kwa Dola Huru na kwa katiba yake kama ilivyowekwa kisheria, na kuiunga mkono kadiri ya uwezo wake wote.

Hospitali zinaingiaje hapo? Kwa mlango wa nyuma. Hospitali za kaunti na zahanati za maskini zilikuwa chini ya mamlaka za mitaa. Sheria haikuwalenga madaktari kwa jina, ila daktari wa zahanati alikuwa mwajiriwa wa mtaa sawa na mkaguzi wa barabara, basi naye akatakiwa atamke. Na hawa ni watu waliokuwa wamekwisha kuhamishwa utii mara moja: mwaka 1920 mabaraza mengi ya kaunti yalikuwa yamekata uhusiano na utawala wa Uingereza na kuitambua Dáil, bunge la wapigania uhuru. Miaka mitano, mabwana watatu.

Ni haki kusema tamko hilo lilikuwa laini kuliko kiapo cha wabunge. Wabunge walitakiwa kumtaja Mfalme George wa Tano, na jambo hilo lilikuwa mojawapo ya yaliyowagawanya watu hata wakapigana. Mwajiriwa wa mtaa hakutakiwa kumtaja mfalme yeyote. Tena lilikuwa tamko, kwa hiyo hata mtu ambaye dini yake inamkataza kuapa angeweza kulitoa. Wala halikuuliza mwaka 1922 ulimfunga nani bendeji. Lakini kwa mtu aliyeamini kwamba Dola Huru yenyewe ni ya haramu, maneno "kama ilivyowekwa kisheria" yalitosha kumkaba kooni.

Dakt. Kathleen Lynn anatuonyesha mpaka wa sheria ile ulipopita. Mwaka 1919 yeye na Madeleine ffrench-Mullen walianzisha St Ultan's, hospitali ya watoto wachanga jijini Dublin. Mwaka 1923 alichaguliwa kuwa mbunge na, kama wenzake wa Sinn Féin, chama cha waliouona mkataba kuwa usaliti, hakukalia kiti chake: hawakuitambua dola ile wala kiapo chake. Hospitalini aliendelea kama kawaida. St Ultan's ilikuwa hospitali ya hiari, haikuendeshwa na baraza la kaunti. Mtu mwenye msimamo uleule, mwenye shahada ileile, angekuwa hospitali ya kaunti angelazimika kuchagua. Kilichoamua ni nani anaandika hundi ya mshahara, na hilo nitalirudia baadaye kwa sababu linaeleza mengi.

Kabla ya kuondoka Ireland, tazama kilichompata kiongozi wa upande ulioshindwa, Éamon de Valera. Kwa miaka alikataa kiapo cha wabunge. Agosti 1927 akaingia, akaisogeza Biblia pembeni, akatia jina lake kitabuni huku akisema kwamba haapi, anaandika jina tu ili apite. Mwaka 1932 akawa mkuu wa serikali, na mwaka 1933 kiapo chenyewe kikafutwa. Kama kiapo ni kipimo cha utii, hapa kilimpima mpinzani wake mkubwa kuliko wote na kumruhusu apite. Waliozuiwa ni wale walioyachukulia maneno yale kwa uzito. Nadhani kasoro hii haina dawa. Jasusi wa kweli ndani ya hospitali atatia saini asubuhi na mapema; muuguzi anayeogopa kusema uongo mbele ya Mungu ndiye atakayekosa usingizi.

Kesi ya padri, na daktari aliyeikimbilia

Marekani ilichagua kutazama nyuma. Julai 1862, vita na majimbo ya Kusini yaliyojitenga vikiendelea, Bunge la Washington liliweka kiapo kilichokuja kuitwa "cha chuma": kila mwenye cheo katika serikali ya shirikisho, isipokuwa Rais, aape kwamba hajawahi kwa hiari yake kubeba silaha dhidi ya nchi wala kuwasaidia waliobeba. Januari 1865 kikapanuliwa hadi kwa mawakili wa mahakama za shirikisho. Jimbo la Missouri likaenda mbali zaidi. Katiba yake ya 1865 iliwataka mawakili, walimu na viongozi wa dini waape kwamba hawajafanya orodha ndefu ya mambo, na ndani ya orodha hiyo hamkuwa na vitendo tu. Kumwonea huruma muasi kulihesabiwa. Kutamani upande ule ushinde kulihesabiwa.

Padri John Cummings alihubiri bila kuapa. Akatozwa faini ya dola 500 na kutupwa jela mpaka ailipe. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ikaamuliwa Januari 1867 pamoja na ile ya wakili Augustus Garland wa Arkansas, ambaye alikuwa mbunge upande wa Kusini na alikuwa amekwisha kusamehewa na Rais Andrew Johnson. Majaji watano dhidi ya wanne wakasema viapo hivyo havifai. Jaji Stephen Field, aliyeandika hukumu zote mbili, alieleza kwamba kumnyima mtu kazi yake kwa sababu ya alichofanya jana, kabla hakijawekewa adhabu hiyo, ni kumwadhibu, hata ukiliita sharti la ajira. Na adhabu ina utaratibu wake: kuna shtaka, kuna ushahidi, na sheria haiwezi kurudi nyuma kumnasa mtu. Garland, kwa taarifa yako, alikuja kuwa mwanasheria mkuu wa serikali ileile mwaka 1885. Kiapo cha chuma chenyewe kilikuwa kimefutwa mwaka mmoja kabla.

Madaktari wanakuja kwenye sehemu ya pili ya hadithi, ambayo husahaulika. Miaka 22 baada ya Cummings, Mahakama Kuu ileile iliamua kesi ya daktari mmoja wa West Virginia aitwaye Frank Dent, aliyeshtakiwa kwa kutibu bila leseni. Jimbo lilikuwa limedai diploma ya chuo kinachotambuliwa, au uzoefu wa miaka kumi, au kufaulu mtihani, na diploma yake ikakataliwa. Mawakili wake wakaikimbilia kesi ya padri: naye ananyimwa kazi yake kama Cummings alivyonyimwa! Aliyeandika hukumu, mwaka 1889, alikuwa Jaji Field yuleyule. Akamkatalia Dent. Mtihani wa udaktari, alieleza, unapima kama mtu anaweza kutibu. Kiapo cha Missouri kilidai mambo yasiyohusiana kabisa na uwezo wa mtu kufanya kazi yake. Kilikuwa kinamtafuta mtu, kazi ilikuwa kisingizio.

Sijaona kipimo bora zaidi ya hicho kwa jambo hili lote. Chukua swali lolote la fomu na uliulize: jibu lake linanisaidia kujua kama mgonjwa atakuwa salama mikononi mwa huyu? "Uliwahi kumnyima mtu matibabu kwa sababu ya upande wake?" Linasaidia sana. "Uliwahi kumtamania ushindi jenerali fulani?" Halisaidii.

Kwa nini hospitali?

Itakuwa uonevu kudai kwamba serikali inayotoka vitani inaiandama hospitali kwa chuki tu. Hospitali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe ni mahali pa ajabu. Ina dawa za ganzi, damu, mafuta ya jenereta, magari yanayopita vizuizini bila kukaguliwa sana. Ina daftari la mapokezi linaloonyesha nani alipigwa risasi, lini na begani au mguuni. Ina vitanda ambavyo mpiganaji anaweza kujilaza akaitwa mgonjwa wa ini. Mtunza stoo ya dawa aliye na ndugu msituni anaweza kulisha kikosi kizima. Na yapo makosa ya kitaaluma yasiyo ya kufumbia macho hata siku moja: daktari aliyesimama kando ya mtesaji kupima kama mateka atahimili zaidi, aliyeandika "moyo ulisimama" kwenye cheti cha mtu aliyepigwa hadi kufa, aliyewanong'oneza wenye bunduki kwamba yuko wodi namba fulani.

Kwa hiyo kuuliza kunaruhusiwa. Tatizo ni kwamba fomu ya utiifu haimkamati mtu wa namna hiyo. Daktari wa chumba cha mateso aliyekuwa upande ulioshinda anaijaza bila wasiwasi, maana hakuwahi kuwa muasi. Utii wake haukutetereka hata dakika moja. Swali la utii na swali la uhalifu yanapishana njiani bila kusalimiana.

Sasa lile la hundi ya mshahara. Vita vikiisha, nafasi za kazi za serikali ni chache na waliopigania upande ulioshinda ni wengi, wamechoka na wanadai. Nchini Hispania, sheria ya Agosti 1939 ilitenga asilimia 80 ya nafasi fulani za utumishi wa umma kwa majeruhi wa vita, askari wa Franco, waliokuwa mateka wa upande wa Jamhuri, na jamaa za waliouawa. Nafasi hizo sharti zitoke mahali. Sheria ile ya Februari ilikuwa imekwisha kuandaa ngazi za adhabu: kuhamishwa kwa nguvu bila ruhusa ya kuomba nafasi nyingine kwa mwaka 1 hadi 5, kucheleweshwa cheo, kuzuiwa kushika uongozi, na mwisho kufukuzwa moja kwa moja. Ukizisoma sheria hizi mbili pamoja, fomu ya kiapo inaanza kuonekana kama zana ya kufungulia viti.

Kwa madaktari kulikuwa na safu nyingine juu ya hiyo: vyama vyao wenyewe vya kitaaluma viliendesha mchujo wa wanachama. Mwamuzi wa faili lako alikuwa daktari mwenzako wa mji uleule, ambaye huenda mlikuwa mkigombea wagonjwa walewale wenye uwezo wa kulipa. Juan Peset Aleixandre, daktari na bingwa wa tiba ya kimahakama, aliyewahi kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Valencia, alishtakiwa na madaktari wenzake. Alipigwa risasi Paterna, karibu na Valencia, tarehe 24 Mei 1941. Leo kuna hospitali kubwa Valencia inayoitwa kwa jina lake.

Wengine hawakusubiri fomu. Josep Trueta, daktari wa upasuaji wa Barcelona aliyekuwa ameokoa miguu na mikono mingi kwa kusafisha vidonda vya vita na kuvifunga ndani ya plasta, aliondoka mwaka 1939. Miaka kumi baadaye alikuwa profesa wa upasuaji wa mifupa Oxford. Frederic Durán Jordà, aliyeanzisha Barcelona huduma ya kukusanya damu, kuiweka kwenye chupa na kuipeleka mstari wa mbele, alifia Manchester mwaka 1957. Uingereza ilipata mafunzo yao yote mawili wakati vita vyake na Ujerumani vikianza. Hispania ilibaki na mafaili.

Cheti cha Ugiriki

Ugiriki haikutegemea sana neno la mtu. Vita vyao vya 1946 hadi 1949, kati ya serikali na wakomunisti, vilirithi kitu kilichokuwepo tangu utawala wa kidikteta wa Metaxas: cheti cha fikra za kijamii, kinachotolewa na polisi. Mwaka 1948 sheria namba 516 ikaongeza uchunguzi wa utii kwa watumishi wa umma, na kamati za kuuendesha. Bila cheti hupati kazi ya serikali, na kwa hiyo hupati kazi hospitali ya umma. Kilihitajika hata kwa pasipoti na leseni ya udereva. Ubaya wake mkubwa ni kwamba hakikuishia kwako. Polisi waliangalia baba, kaka, mjomba. Msichana aliyekuwa mtoto mchanga wakati wa vita angeweza kunyimwa nafasi ya kazi kwa sababu ya jina la ukoo. Na aliyekamatwa aliweza kuwekewa mbele karatasi nyingine, tamko la toba, ambamo anaukana ukomunisti kwa maandishi.

Vyeti vile viliendelea robo karne baada ya risasi ya mwisho, mpaka utawala wa kijeshi ulipoanguka mwaka 1974. Mwaka 1989 sheria ikaamua rasmi kwamba yale yaliyokuwa yakiitwa vita dhidi ya majambazi yaitwe vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mamilioni ya mafaili ya polisi yakachomwa moto mwaka huohuo. Wapo wanahistoria walioumia kuona karatasi zile zinateketea. Wapo waliochunguzwa maisha yao yote walioona afadhali.

Petros Kokkalis, bingwa wa upasuaji na profesa wa Athens, ni kielelezo cha upande mgumu wa suala hili, maana yeye hakuwa daktari tu aliyeangukiwa na majeruhi. Alichagua upande. Alipanda milimani, akawa waziri katika serikali ya muda ya wakomunisti, akafia uhamishoni Berlin Mashariki mwaka 1962. Serikali ya Athens isingeweza kumchukulia kama mtu asiye na siasa, na haingekuwa kweli. Kosa la mfumo lilikuwa kumweka yeye na muuguzi wa kijijini aliyebadilisha bendeji kwenye fungu moja, kwa jina moja la "wasio waaminifu".

Usidhani pia kwamba pasipo kiapo pana amani. Nigeria, vita vya Biafra, eneo lililokuwa limejitenga, vilipokwisha Januari 1970, Jenerali Gowon alitangaza kwamba hakuna mshindi wala mshindwa, na msamaha ukawa wa jumla. Mwaka huohuo ikatoka Amri namba 46, iliyowezesha kuwaondoa watumishi wa umma waliohesabiwa kushiriki kwa vitendo upande wa Biafra. Hawakuulizwa waape. Kauli ya msamaha ilisikika redioni. Barua za kufukuzwa zilifika mkononi.

Sheria ya vita inasemaje

Mikataba ya Geneva ya 1949 ilianza kuligusa hili kwa vita kati ya nchi na nchi: mtu asisumbuliwe wala kuhukumiwa kwa kuwauguza majeruhi. Kwa vita vya ndani ya nchi, andiko lenye uzito ni Itifaki ya Pili ya 1977, iliyoongezwa juu ya mikataba hiyo. Ibara yake ya 10 inasema kwamba mtu asiadhibiwe kwa hali yoyote kwa kufanya kazi ya tiba inayolingana na maadili ya utabibu, bila kujali aliyenufaika nayo ni nani. Soma maneno ya mwisho tena: bila kujali aliyenufaika ni nani. Ibara ya 6 inawahimiza walioshika madaraka, uhasama ukiisha, watoe msamaha mpana kadiri iwezekanavyo. Na chama cha madaktari cha dunia kilikuwa tayari, mwaka 1948, kimeandika kiapo chake cha Geneva, ambamo daktari anaahidi kwamba siasa za mgonjwa hazitaingia kati ya wajibu wake na huyo mgonjwa.

Kwa hiyo mtumishi wa hospitali anaweza kujikuta na viapo viwili mfukoni. Kimoja kinamwamuru amtibu adui. Kingine kinamtaka aape kwamba hakumsaidia adui. Kama neno "msaada" kwenye kile cha pili halijafafanuliwa, viwili hivyo havikai pamoja, na mtu yeyote aliyefanya kazi yake vizuri lazima avunje kimojawapo. Syria ilionyesha jambo hilo kwa ukatili mwaka 2012, vita vikiwa bado vinawaka: sheria za ugaidi zilizotolewa Julai mwaka huo ziliandikwa kwa upana ambao uligeuza kuwatibu wapinzani kuwa uhalifu, jambo ambalo wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walilisema wazi mwaka uliofuata.

Upande wa ajira, Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1958, unakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya maoni ya kisiasa. Unaacha mlango: hatua dhidi ya mtu anayeshukiwa kwa sababu za msingi kwamba anahatarisha usalama wa nchi hazihesabiwi kuwa ubaguzi, ila awe na haki ya kukata rufaa. Mlango huo ni mwembamba kuliko serikali nyingi zinavyoutumia. Unamzungumzia mtu mmoja, vitendo vyake, na shaka yenye msingi. Fomu moja kwa hospitali nzima, kuanzia bingwa wa upasuaji mpaka dobi, haipiti hapo.

Ningekuwa naandika fomu hiyo mimi, ingekuwa fupi. Ningemtaka mtu aahidi kuitii sheria, na ningeandika "sheria", nisiandike jina la chama wala la kiongozi. Ningemtaka aahidi kumtibu kila anayeletwa. Ningeweka mstari mmoja unaosema kwamba kuwahi kumtibu mpiganaji wa upande wowote si kosa na hakutaulizwa. Tuhuma za mateso, wizi wa dawa na vyeti vya uongo ningezitoa kabisa kwenye fomu nizipeleke kwenye baraza la kitaaluma na mahakamani, ambako mtuhumiwa anasikia jina la anayemtuhumu. Na ningeweka tarehe ya mwisho, ili isije ikafika miaka 25 mjukuu wa mtu bado anajaza.

Lipo jambo moja ambalo fomu nzuri kiasi hicho bado haitalitatua, nalo ni lile daftari la mapokezi. Ibara ya 10 niliyoitaja inamlinda pia mhudumu anayekataa kutoa taarifa za majeruhi aliowahudumia, lakini katika vita vya ndani kinga hiyo imefungwa na maneno "kwa kuzingatia sheria za nchi". Serikali ikitunga sheria kwamba kila jeraha la risasi liripotiwe, na nchi nyingi zinayo hata wakati wa amani, muuguzi anayekaa kimya hana pa kujifichia. Halafu kuna karani wa mafaili. Hana leseni ya kunyang'anywa, hana kiapo cha utabibu, hakuna baraza linalomsajili, na katika fomu zote hizi yeye huwa mstari wa mwisho kabisa, baada ya mpishi na mlinzi wa geti. Funguo za kabati anazo yeye. Mtu wa usalama akija jioni, madaktari wamekwisha kwenda nyumbani, akataka kuona waliolazwa mwezi fulani wenye majeraha ya risasi, atakayejibu ndiyo au hapana ni karani huyo, na hakuna aliyewahi kumweleza ana haki ya kujibu hapana.